Mkaratusi kwenye Zamu ya Mchana

Mwaka wa pili wa korona nilikuwa mtu wa kushuku, na sioni sababu ya kulificha hilo. Nilimshuku kila aliyekohoa, na aliyejizuia kukohoa nilimshuku zaidi. Kazini kulikuwa na dada mmoja Mzungu aliyesema mafua yake ni ya chavua ya maua. Maua gani, na tulikuwa katikati ya baridi? Nilihama meza.

Nilikuwa nahudumia wazee katika makao mamoja magharibi mwa Sydney, mwendo mfupi wa basi kutoka kwetu Blacktown. Zamu yangu ilikuwa ya asubuhi. Kabla hatujaruhusiwa kuingia tulipimwa puani kwenye hema la plastiki pale mlangoni, tukasubiri mstari utokee, mmoja au miwili, huku tukitetemeka kwa baridi. Juu ya hayo, kila baada ya siku chache nilijipanga kwenye foleni ya magari kwa kipimo cha maabara, kisha nikangoja ujumbe wa simu. Ujumbe ukichelewa silali.

Sikuwa naogopea wazee peke yao. Nyumbani nilikuwa na mama. Alikuja kutoka Tanga kunisaidia nilipojifungua, akae kidogo mtoto akipata shingo arudi kwake, lakini mipaka ikafungwa naye yuko ndani. Mama ana sukari na presha. Chanjo aliikataa katakata. "Kitu cha bure," aliniambia, "na bado wanakufuata nacho mpaka mlangoni? Hao wanataka nini?" Mimi mwenyewe nikiona cha bure nageuza nione nyuma yake. Ila kazini nilikuwa nawaona wagonjwa wa rika lake wanavyotafuta pumzi, na nilijua korona ikimfika mama huenda ikamchukua. Hofu hiyo nilikwenda nayo kila mahali.

Kwa hiyo nyumba niliiwekea sheria. Sare nilivua gereji, nikapitia bafuni moja kwa moja, ndipo nikamsalimia mama kwa mbali. Mume wangu, anayefanya kazi kwenye maghala ya Ingleburn, alifuata hivyo hivyo, kwa kunung'unika. Mama nilimkataza kutoka zaidi ya uani na kwenye bustani ya karibu, akiwa na mjukuu wake. Aliniambia naingia nyumbani kwangu kama mwizi. Nikamwambia bora niwe mwizi.

Halafu mzee mmoja wa wodi yetu akapatikana na ugonjwa. Alikuwa fundi saa zamani, na miguu ilikuwa imekwisha kumtupa; kutoka kitandani mpaka kwenye kiti ilibidi abebwe. Mtu kama huyo haendi kuitafuta korona sokoni. Ililetwa, na iliyoileta ni pua ya mmoja wetu. Msimamizi, nesi Mfilipino asiyepandisha sauti hata siku moja, alitukusanya kwenye maegesho, tukasimama mbalimbali, akatuambia maafisa wa afya watatupigia mmoja mmoja. Tulitazamana juu ya barakoa. Siku ile niliwaona watu niliokula nao miaka wakihesabu nani alikaa karibu na nani.

Mimi hesabu yangu nilikuwa nimeshaifunga. Shaka yangu ilikuwa kwa mwenzangu wa zamu ya mchana, mwanamke wa Mombasa, tuliyekuwa tukikabidhiana wodi kila siku saa nane. Tulikuwa tukielewana. Lugha ilitukutanisha, na dini, na mama alimpenda tangu siku za kabla ya korona alipokuwa akituletea mahamri. Lakini kwa wiki kadhaa sasa, kila alipofika kupokea zamu, alikuwa ananuka mkaratusi. Barakoa zile ngumu zinazuia virusi, harufu hazizuii.

Msimamizi akisikia mkaratusi hasikii kitu. Nchi ile imejaa mikaratusi, sabuni zao zinanukia mkaratusi, hata dawa ya kusugulia choo. Mimi nilikuwa najua kutofautisha. Hii haikuwa ya chupa. Ilikuwa ya majani yaliyochemshwa, imechanganyika na mchaichai na tangawizi, imeingia kwenye ushungi na kwenye nyusi. Harufu hiyo anakuwa nayo mtu aliyetoka kujifukiza, na kwetu mtu hajifukizi kwa kupenda joto. Anajifukiza kifua kinapombana, au kuna mgonjwa ndani.

Siku kadhaa kabla mzee hajapatikana na ugonjwa nilimkabili, tulipokuwa tunakabidhiana dawa.

"Dada, kwako kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Mbona waniuliza?"

"Nasikia mkaratusi."

Akavuta barakoa juu, ingawa ilikuwa mahali pake. "Ni sabuni."

"Sabuni gani hiyo yenye tangawizi?"

"Wewe nawe! Waniuliza kama polisi. Nimepima jana, negative. Wataka nikuonyeshe message?"

Akanionyesha. Ilikuwa kweli, jina lake na jibu lake. Haikunituliza hata chembe. Negative ya jana ni ya jana, na mtu aliyesingizia sabuni anaweza kusingizia na mengine. Tangu siku ile akaacha kuingia chumba cha chai tulipokuwa tukipishana. Akawa anakula chakula chake garini, vioo amepandisha. Mimi nikamtazama kupitia dirisha la chumba cha kufulia, nikazidi kuamini. Asiye na la kuficha anakula na watu.

Afisa wa afya anayefuatilia maambukizi aliponipigia nilikuwa nyumbani, nimetengwa kama wodi nzima, nimejifungia chumba cha nyuma nikisubiri kipimo changu. Alikuwa kijana, sauti yake ya upole kupita kiasi, kama anayeuza bima. Aliuliza nilifanya nini na nani, nilikaa wapi, nilivua barakoa lini. Kisha akauliza kama kuna mfanyakazi niliyemwona haonekani mzima. Sikusita. Nikamtaja mwenzangu na mkaratusi wake.

Kijana akadhani nazungumzia dawa ya kusafishia. Ikabidi nimweleze, kwa Kiingereza changu cha kazini, kwamba unachemsha majani kwenye sufuria kubwa, unaketi mbele yake, unajifunika blanketi gubigubi, sufuria humo humo ndani, unavuta mvuke mpaka jasho likutoke.

"Kila mtu peke yake?" akauliza.

"Si lazima. Mkiwa wawili au watatu mnaingia pamoja. Blanketi moja, mvuke usitoroke."

Nilisikia anaandika. Akaniuliza tena, polepole, kama watu hao chini ya blanketi wanavaa barakoa. Nikacheka. Utavutaje mvuke na barakoa?

Nilipokata simu nilijisikia mwepesi. Watu wameniuliza baadaye kama najuta, nami nawajibu sijuti. Ningeulizwa tena ningesema tena. Mama yangu alikuwa upande wa pili wa ukuta, na mimi kwa ajili yake ningemtaja hata kadhi.

Siku hiyo hiyo, jua halijashuka, kijana akapiga tena. Upole wake ulikuwa umepungua. Alinisomea anwani, namba ya nyumba na mtaa, akauliza kama naifahamu.

"Ni kwangu," nikasema.

Mwenzangu alikuwa amekwisha kupigiwa. Kipimo chake kipya kilikuwa kimerudi, na safari hii alikuwa nayo. Alipoulizwa kuhusu kujifukiza hakuficha tena. Alisema wiki hizo zote, kabla ya kuingia zamu ya mchana, alikuwa akipitia kwa mama mmoja mtu mzima anayemfukiza. Uani, nyuma ya chumba cha kufulia. Blanketi moja, wawili.

Nilikaa kitandani na simu sikioni, kijana anaita "hello, hello," na kutoka jikoni namsikia mama anamwimbia mwanangu huku anakuna nazi.

Nilimwita aje nyuma ya mlango.

"Mama, umekuwa ukiwafukiza watu hapa?"

"Mtu mmoja tu."

"Nilikuambia nini mimi?"

"Uliniambia nisitoke. Sikutoka."

Nilitaka kupiga kelele nikashindwa, kwa kuwa ni kweli hakutoka. Majani alichuma kwenye mti wetu wenyewe wa uani. Ndiyo maana pua yangu, iliyokuwa kali kazini, nyumbani haikushtuka. Mti ule ulinuka mchana kutwa, na zaidi ya hapo mama alikuwa akifukiza udi kila alasiri. Mimi nikadhani ni uchamungu.

Akanieleza kupitia mlango, bila haraka. Yule binti alimpigia simu akilia. Anaingia kwenye vyumba vya wagonjwa kisha anarudi kwa watoto wake, na hana mtu wa kumwambia. Mama akamwambia njoo, nitakufukiza nikulinde. "Na mimi pia nilikuwa nataka mtu wa kuzungumza naye," akasema. "Wewe ukirudi unanisalimia kama umesimama ng'ambo ya mto. Nikamwambia asikuambie. Nikamwambia mwanangu mkali."

Walikuwa wakijikinga. Wamefunikwa gubigubi, nyuso mbili juu ya sufuria moja, kila mmoja anavuta pumzi aliyotoa mwenzake, wanamshukuru Mungu kwa jasho. Ukitaka kumpa mtu korona kwa makusudi hupati njia bora zaidi. Na hakuna fomu ya serikali ambayo ingeuliza jambo hilo. Lilihitaji mtu wa kwetu mwenye domo.

Vipimo vilipotoka, mimi sina, na mtoto hana, na mume wangu hana. Mama alikuwa nayo. Mwanzo alijifanya mzima, anakoholea kwenye kanga nisisikie. Kisha usemi ukaanza kumkatika katikati ya neno. Kidude cha kubana kidole, cha kupimia oksijeni, kilipoonyesha inashuka, nilipiga namba ya dharura. Walikuja wamevaa plastiki mwili mzima. Mama aliwauliza kwa Kiswahili wanampeleka wapi, nami nikatafsiri, akaniangalia mimi na si wao, macho ya mtu anayepima kama anaambiwa kweli. Sikuruhusiwa kupanda naye.

Siku zilizofuata nilimshuku kila mtu wa hospitali ile. Nilishuku kwamba hawampi maji, kwamba wanamlaza chali, kwamba wakisema anaendelea vizuri wanasema hivyo kwa wote. Nilipiga simu mpaka wakaijua sauti yangu. Mzee wetu fundi saa alifariki wiki hiyo, na msimamizi aliponiarifu sikuuliza hata alizikwa lini. Nilikuwa nasubiri zamu yangu ya msiba.

Hatimaye nesi mmoja akamshikia simu ya picha. Mama alikuwa na mipira puani, uso umekuwa mdogo. Hakunisalimia.

"Nani aliyetuchongea?" akauliza.

Ningeweza kumwambia sijui. Angeamini kuwa ni kompyuta zao.

"Mimi, mama."

Hewa ilipita kwenye mipira, ikapita tena.

"Na mwenzako," akasema, "hajambo?"

Sikujua. Nilikuwa najua alikula wapi, alipima lini na alinuka nini, lakini kama anapumua sikuwa nimeuliza. Mama aliona nimekwama. Akamfanyia nesi ishara ya mkono aondoe simu.

Nilimpigia mwenzangu nikiwa bado nimesimama pale pale. Alikuwa amejifungia chumbani kwake, watoto wanamwekea sahani mlangoni. Sauti ilikuwa imekauka. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa na ya kumjibu pia, kwa kuwa hata yeye alinidanganya usoni.

"Mama yuwaje?" akauliza kabla sijafungua mdomo.

Nikamwambia yuko kwenye oksijeni. Akalia, na mimi nikashika simu tu.

Mama alirudi. Alirudi mwembamba, anashika kuta, lakini alirudi, na hilo mpaka leo siliamini vizuri. Kuna siku naamka kwenda kumsikiliza kama anapumua. Chanjo alikuja kukubali, akasema amekwisha kuona wanachotaka. Sheria ilipolegezwa na watu wakaruhusiwa kukutana nje, hakuomba kupelekwa sokoni wala msikitini. Alimwomba mume wangu amwitie yule binti wa Mombasa.

Walikaa uani, viti viwili, nafasi katikati kama tulivyoagizwa. Nilikuwa jikoni nachemsha chai, nawasikia wanacheka, halafu wanazungumza kwa sauti ya chini, harakaharaka, kama watu waliokaa na maneno muda mrefu. Nikatoka na sinia. Wakanyamaza wote wawili. Nilimwekea mama kikombe chake, nikamwekea mwenzangu chake, akasema ahsante dada, kwa adabu kabisa, akatazama chai. Mama naye akatazama chai. Nikasimama kidogo. Walikuwa wanasubiri nirudi ndani.