Nyimbo Mbili kwa Mgonjwa Mmoja

Miaka ile ya Mdachi, mimi nikiwa bado mtoto wa kutumwa maji, huku kwetu mlimani Meru iliaminika kuwa mgonjwa haimbiwi nyimbo mbili za Mungu kwa pamoja. Moja itamvuta huku, nyingine kule, naye abaki katikati hana pa kwenda. Bibi, mzaa mama, ndiye aliyeniambia, na hakuwa mtu wa kupoteza maneno.

Mama alishikwa na uchungu, mtoto akagoma kutoka. Asubuhi ya pili Bibi alikuja na wanawake wa ukoo, wameshika majani ya masale, yale ya kuombea baraka, na kibuyu cha maziwa. Wakasimama uani wameuelekea mlima, wakaanza wimbo wa kumwombea mzazi. Bibi alitangulia, wenzake wakaitikia. Ndani Mama naye aliitikia, kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimekaa kando yake, nilimsikia vizuri.

Baba alikuwa ameanza kusoma misheni, na mwongofu mpya, jamani, ana pupa. Alirudi na waimbaji wa misheni, wakajipanga penye migomba, wakaanza tenzi za Kidachi. Sitasema zilikuwa mbaya. Zilikuwa nzuri sana. Ila sasa nyimbo zilikuwa mbili, na hakuna upande uliotaka kushindwa.

Bibi alimwendea Baba, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, moja inyamaze. Mtamrarua binti yangu."

Baba akajibu kwamba wa kwake hawanyamazi, wanamwimbia Mungu wa kweli. Nilidhani patachimbika. Wapi! Bibi aliinua mkono, wanawake wake wakakoma. Mmoja alinung'unika, Bibi akamwambia afadhali mgonjwa avutwe upande mmoja, hata kama si wa kwetu.

Zikabaki tenzi, ambazo Mama hakujua hata neno moja. Alifumbua macho, akaniuliza, "Mama yangu ameenda wapi?"

Nikamwambia yupo nje.

"Mbona simsikii?"

Utenzi ulikuwa haujaisha alipokata roho, na mtoto wake tumboni.

Sikulia. Nilitumwa maji ya kumwoshea, nikaenda, nikarudi. Watu wa misheni walisema ni mapenzi ya Mungu, watu wa ukoo wakasema mwiko umevunjwa. Niliwasikia wote, hakuna kilichoniingia. Baada ya matanga Bibi aliniuliza Mama alisema nini mwishoni. Nikamwambia. Akaendelea kumenya ndizi, wala sikumsikia tena akiimba, hata kubembeleza mtoto.

Sasa mimi ni mzee, ni Mkristo, na kila Jumapili tenzi zilezile naziimba. Mdomo unaimba, moyoni kimya. Wajukuu huniuliza kama mwiko ule ulikuwa wa kweli. Sijui, na siku hizi hata sitafuti kujua. Ninachojua ni kwamba Bibi alinyamaza ili Mama asipotee, na Mama akafa akimtafuta.