Mwandishi wa Barua wa Tabata

Mzee anayeandika barua za watu nje ya ofisi ya kata, Tabata, haruhusu mtu asaini neno asilolielewa. Anafuta miwani kwa pindo la shati, anaweka kidole juu ya neno, kisha analieleza polepole, kama anamenya yai la kuchemsha. Jana Kokuberwa, anayemshtaki bosi aliyemtumikisha kazi za ndani mwaka mzima bila siku ya kupumzika, aliuliza maana ya neno moja la Kiingereza kwenye fomu ya malalamiko: abuse. Mzee akachangamka, maana Kilatini chake cha seminari huwa anakitafutia nafasi.

“Mwanangu, limetoka kwenye neno la Kilatini, abuti. Kukitumia kitu vibaya, au kukitumia mpaka kiishe.”

Kokuberwa akafikiri kidogo.

“Basi mzee, andika na hili: mie sijaisha.”

Mzee akaliandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.