Mwewe Aliyetundikwa Uani

Baba alikuja kuishi nasi Section 58, mtaani Nakuru, miezi michache baada ya kumzika mama. Alikuja na begi moja la nguo na gunia lililotobolewa matundu. Ndani ya gunia mlikuwa na kuku wa mama. Walikuwa wamesafiri kutoka Njoro wakiwa wamefungwa miguu kwa sisali, mmoja juu ya mwingine, na alipowamwaga uani kwangu jogoo mmoja hakuinuka. Baba alimgeuza kwa ncha ya kiatu.

"Huyu tutamla leo," akasema.

Nilimshangaa, maana maisha yake yote sikuwahi kumwona akiwarushia kuku hata punje ya mahindi. Kule nyumbani ng'ombe walikuwa wa baba na kuku walikuwa wa mama. Mama aliwalaza jikoni, karibu na mafiga, akawajua mmoja mmoja kwa mwendo na kwa sauti. Sasa walikuwa wamebaki mikononi mwa baba, naye akawafuga vile alivyowafuga ng'ombe wakaidi na vile alivyotulea sisi.

Alijenga banda kwa mbao za mabaki na mabati ya zamani, nyuma ya nyumba, mkabala na mlango wa jikoni. Kazi safi kabisa. Mikono yake haikuwa na ubaya wowote katika kazi. Kuku aliyetaka kuatamia wakati baba anataka mayai, alimzamisha kwenye ndoo ya maji baridi, akamtoa, akamzamisha tena. Kuku aliyeruka ua na kuingia kwenye sukuma wiki zangu, alimkata kidole kimoja cha mguu kwa mkasi wa kukatia ua. Hakuwa na hasira akifanya hivyo. Hilo ndilo lililonitisha. Alifanya kama mtu anayechonga penseli, kisha akanawa mikono na kuuliza kama chai iko tayari.

Mume wangu anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha na huja nyumbani Jumamosi jioni. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa watatu tu: baba, mimi, na binti yangu ambaye wakati huo alikuwa gredi ya pili. Binti yangu aliwapenda wale kuku. Kuku mmoja wa mama, yule mwenye madoa ya kijivu, alipokubaliwa hatimaye kuatamia na kuangua, mtoto alikuwa akitoka shule anatupa mkoba mlangoni na kwenda kuchuchumaa bandani na bonge la ugali mkononi.

Ndipo mwewe wakaanza. Mwewe wa Nakuru hawaogopi watu. Wanaweza kukupokonya nyama mkononi ukitoka buchari. Walizunguka juu ya mabati yetu asubuhi, wakashuka kimya, na kila walipoondoka kifaranga mmoja alikuwa hayupo. Mimi nilikimbia nje nikipiga sufuria na mwiko. Baba hakukimbia. Aliketi kwenye kigoda chake akiwatazama wanavyoshuka, wanashukia upande gani, wanageukia wapi. Siku moja alikwenda mjini akarudi na uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafua. Baba alitega kipande cha waya wa wavu katikati ya ua na kukijaza vitanzi vya nailoni, vingi, vidogo, visivyoonekana. Kisha akaingia bandani akatoka na kifaranga aliyekuwa dhaifu kuliko wote, yule anayechechemea.

"Guka, unampeleka wapi?" binti yangu akamuuliza babu yake.

"Anaenda kazi."

Akamfunga mguu kwa uzi, akaupigilia uzi ule chini kwa msumari katikati ya vile vitanzi. Kifaranga akaanza kumlilia mamake. Mamake, akiwa amefungiwa ndani, akajipiga kwenye wavu.

"Baba, si ungeweka nyama?" nikasema.

"Nyama hailii," akajibu.

Nilimwambia mtoto aingie ndani. Hakuingia. Ningeweza kumburuta lakini mikono ilikuwa na sabuni, na kabla sijaisuuza kivuli kilipita juu ya ukuta. Kifaranga alikufa papo hapo, nadhani kabla hata hajajua. Mwewe alijaribu kupaa naye, akashindwa, akaanguka, akajipigapiga mabawa huku wavu ukiruka naye. Baba akainuka bila haraka na kumtupia gunia.

Nilidhani atamkata shingo, tumalize. Badala yake alimvunja bawa moja kwenye goti lake, nikasikia ule mlio kama wa ukuni mbichi. Akamfunga miguu yote miwili, akamtundika kichwa chini kwenye nguzo ninayofungia kamba ya nguo. Shuka zangu zilikuwa zimeanikwa pale. Damu ilidondokea ya binti yangu, yenye maua.

Mwewe alilia. Sikujua ndege yule anaweza kulia vile, sauti nyembamba inayotetemeka, ananyamaza kidogo, halafu anaanza upya. Wenzake walizunguka juu sana na hakuna aliyeshuka. Watoto wa mtaa walijaa getini. Jirani yangu, mama mmoja aliyestaafu unesi, alichungulia juu ya ukuta.

"Mzee, hiyo ni dhambi. Si umuue tu?"

"Mathe, akifa ni manyoya," baba akamwambia kwa upole. "Akilia, wenzake wanasikia. Dhambi ni kufuga kuku wa kulisha ndege."

Watoto wakacheka. Jirani akaingia ndani akafunga dirisha lake, na baadaye nikasikia ameweka nyimbo za kanisa kwa sauti ya juu.

Mume wangu alifika jua likiwa bado kali. Alisimama uani na begi lake begani, akatazama nguzo, akamtazama baba, akanitazama mimi. Nilingoja aseme neno. Yeye ndiye mwenye nyumba.

"Ni mzee," akanong'ona tukiwa jikoni. "Wacha tu. Kuna chai?"

Nikampa chai. Mtoto alikuwa chini ya meza, amejiziba masikio kwa viganja, na alikuwa amejikojolea. Hapo ndipo nilipochukua kisu cha kukatia sukuma na kutoka nje.

Mama alinifunza kuchinja kuku: unakanyaga mabawa, unashika kichwa, unafanya haraka ili asikulaumu. Lakini mwewe si kuku. Nilipomshusha alinishika mkono kwa kucha kupitia ile kamba, na kadiri nilivyovuta ndivyo zilivyozama. Kisu kilikuwa butu. Nilirudia mara mbili, nikirudia huku nikimwomba msamaha kwa sauti kama mwehu. Alipolegea mwishowe, baba alikuwa amekaa kwenye kigoda akinywa chai yake. Hakuwa amesogea.

"Mama yako alilia kuliko huyo," akasema. "Hukuja na kisu."

Mama alikufa kwa saratani ya tumbo, nyumbani, kwenye kitanda chake. Baba alikataa apelekwe hospitali; alisema hospitali ni za kula watu. Kila wikendi nilipokwenda nilimkuta mama anaguguna kona ya blanketi ili asisikike, na baba ameketi nje mlangoni, redio imefunguliwa hadi mwisho.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye," nikamwambia. Mkono ulikuwa unachuruzika damu hadi kwenye kiwiko. "Ulifungulia redio."

Baba akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto.

"Sasa ulitaka nisikilize nini?"

Niliingia ndani nikamwogesha mtoto. Baba alimtundika tena yule mwewe, akiwa mzoga, na ndege akabaki pale mpaka nzi walipomjaa na mume wangu akamzika nyuma ya choo. Juma lilipokwisha mwewe walirudi, wakachukua vifaranga wawili. Baba alicheka, kicheko cha kweli, cha kutoka tumboni.

"Wameshajua hapa hakuna mtu," akasema.

Alihama bila kuniaga. Kaka yangu ana hoteli ndogo Salgaa, pale malori yanapoegesha, na baba akaenda kukaa naye. Kuku aliniachia. Nililifunika banda lote kwa wavu wa juu, kitu ambacho tungefanya siku ya kwanza, na tangu hapo hatujapoteza hata kifaranga. Binti yangu haendi bandani. Mayai anakula, lakini huuliza kwanza yametoka dukani au nyumbani, nami humwambia dukani.

Baada ya muda kaka akanipigia simu. Baba alikuwa amewaambia watu wa ukoo kwamba nilimtolea kisu, mbele ya mume wangu na mbele ya majirani. Hakuwa amesema neno la mwewe. Nilieleza. Kaka akasikiliza, akapumua.

"Lakini kisu kilikuwako?"

"Kilikuwako."

"Basi kuja uombe msamaha, yaishe. Ni mzazi, na tumebaki na mmoja."

Mume wangu naye alisema twende. Tukaenda. Kaka alifunga chumba cha nyuma cha hoteli, akaketisha wazee kwenye mabenchi, na shangazi zangu wakakaa kando ya ukuta na leso zao magotini. Nilisimama mbele ya baba nikiwa nimevaa blauzi ya mikono mirefu ili kovu la kucha lisionekane, nikasema maneno niliyoambiwa niseme. Alikuwa amenyolewa vizuri na amevaa koti alilovaa kwenye mazishi.

Alinipa mkono. Akasema amenisamehe, na kwamba mtoto ni mtoto hata akikosa. Halafu akatuomba tusimame, akaomba sala ndefu, nzuri, kwa sauti iliyotetemeka pale panapostahili, akimsihi Mungu aniondolee moyo wa jiwe na anipe moyo wa nyama. Shangazi mmoja alikuwa analia. Kutoka jikoni harufu ya chapati ilikuwa inaingia, na wazee walikuwa na njaa. Alipofika mwisho wote waligeuka kunitazama, wakingoja.

Nikasema amina.