Likizo Ndani ya Kliniki

Baba alifundisha jiografia maisha yake yote ya kazi, na miaka yote hiyo aliwaonyesha wanafunzi mbuga za wanyama kwa ncha ya fimbo, juu ya ramani iliyochanika pale penye Ziwa Rukwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona hata nyumbu. Alipostaafu, jambo la kwanza alilofanya ni kununua gari kuukuu la kliniki tembezi, lililokuwa limetelekezwa nyuma ya ukumbi mmoja, nyasi zikiota kwenye bampa. Akatutangazia, pale kwetu Kasulu, kwamba sasa tuna nyumba inayotembea, na kwamba tutakwenda nayo likizo hadi pori la Moyowosi, upande wa Kibondo, tukipika humo na kulala humo kama watalii aliowaona kwenye simu.

Tulikuwa wanne. Baba. Mama, muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Tanga, aliyeletwa Kasulu na barua ya uhamisho akaishia kuolewa. Bibi, mzaa baba, ambaye safari ndefu kuliko zote alizowahi kufanya ilikuwa ya kwenda kwenye msiba. Na mimi, niliyekuwa nimemaliza chuo nikisubiri ajira, kwa hiyo sikuwa na udhuru wowote.

Gari lilikuwa jeupe, na ubavuni liliandikwa kwa herufi nyekundu, kila moja kubwa kama sinia: KLINIKI TEMBEZI, MAMA NA MTOTO. Baba akaamua kulipaka kijani. Fundi alimweleza kuwa rangi ya gari si sawa na rangi ya ukutani.

“Hili si gari,” Baba akamjibu. “Ni nyumba.” Akanunua ndoo ya rangi ya ukutani.

Ndani, kitanda cha kupimia wajawazito kikawa kochi. Kwenye ndoano ya mizani ya watoto akaning'iniza mkungu wa ndizi, na kwa kuwa mizani ilikuwa bado nzima, kila asubuhi tulijua tumekula kilo ngapi. Bibi ndiye aliyeichukulia nyumba hiyo kwa uzito kuliko sisi wote. Hakuingia bila kupiga hodi, na hakukanyaga ngazi mpaka Baba aitikie karibu, hata kama Baba alikuwa chini ya gari akifunga nati. Kila tuliposimama alishuka na ufagio akafagia pande zote nne, maana nyumba isiyo na uwanja uliofagiliwa, alisema, ni ya mchawi au ya mvivu.

Tuliondoka mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Baba hakutaka barabara kuu. Alisema lami haina mandhari. Tukapita Titye, tukaegesha kwenye kiwanja kilicho wazi ili tupumzike. Alasiri ile mvua ikanyesha sawasawa. Tulikuwa ndani tunakula maharage, tukaona maji ya kijani yakichuruzika dirishani kama mtu anaosha mchicha juu ya paa.

“Mwalimu,” Mama akasema, “nyumba yako inavuja rangi.”

“Ni majani ya miti,” Baba akasema.

Pale hapakuwa na mti.

Asubuhi niliamshwa na vilio vya watoto. Nikafungua mlango, nikaona akina mama kama thelathini wamepanga mstari, watoto mgongoni, kadi za kliniki mkononi. Nyuma yangu herufi nyekundu ziling'aa kama zimeandikwa jana. Aliyekuwa wa kwanza akanisalimu kwa lugha ya kwetu, “Mwakeye,” akaniangalia vizuri, akauliza, “Muganga yuko wapi?”

Baba akatoka akiwa na kaptula ya kulalia. “Jamani, hii ni nyumba. Tuko likizo.”

“Sawa, mzee wangu,” yule mama akasema kwa upole. “Maliza kuvaa. Tunasubiri.”

Mama alijifunika shuka hadi kichwani. Akasema amestaafu, amerudisha sare, haamki. Akaendelea kustaafu kwa dakika kumi hivi, mpaka mtoto mmoja kwenye mstari akakohoa. Nilimwona Mama akitega sikio chini ya shuka. Mtoto akakohoa tena. Mama akaketi, akafunga kitambaa kichwani, akasema, “Huyo wa kikohozi apite mbele. Na nyinyi toeni ndizi kwenye mizani.”

Hakuwa na dawa hata moja, na hilo aliwaambia wote. Alipima uzito, akaangalia macho na ndimi, na waliohitaji zaidi akawaelekeza zahanati, yule wa kikohozi kwanza. Mimi niliandika kwenye kadi. Bibi alisimamia mstari kwa ufagio. Baba alikaa kwenye usukani akitazama ramani, peke yake, mpaka saa saba.

Tulipofika Rungwe Mpya, habari ilikuwa imetangulia kwa simu. Tulikuta turubai, viti vya plastiki na kwaya. Mtendaji wa kijiji akamkabidhi Baba kitabu cha wageni. Penye madhumuni ya ziara, Baba akaandika: Kupumzika. Mtendaji akasoma, akakata kwa rula, akaandika juu yake: Kupima watoto. Kisha akamwomba Baba azungumze machache. Baba alizungumza kuhusu bonde la ufa kwa nusu saa, akapigiwa makofi, na Mama akapima watoto hadi alasiri.

Baada ya hapo Baba akatafuta shuka la kuficha maandishi. Lilikuwa fupi. Likafunika yote isipokuwa neno moja, MAMA. Tulipoingia Murungu watu wakatoka madukani wakipunga mikono. Kijana mmoja wa bodaboda akatusindikiza akipiga honi, na mzee aliyevaa koti zito akasogea dirishani upande wa Mama.

“Mama, kura zetu unazo,” akasema. “Ila kofia mmebeba?”

“Hatukubeba, baba,” Mama akajibu. Sijui kwa nini hakukanusha. Alipunga mkono mpaka tukatoka Murungu, na nadhani alifurahia.

Baada ya siku mbili za tope tukafika kwenye kizuizi cha pori. Hapo shuka lilikuwa limeshachukuliwa na upepo. Askari wa wanyamapori walikuwa watatu. Mkubwa wao alizunguka gari, akasoma ubavuni, akasema kwa masikitiko, “Barabara ya ndani imejaa maji, gari hili haliwezi. Lakini presha mnapima?”

Mama alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Wale watatu wakavua kofia, wakakaa kwenye kochi kwa zamu, bunduki zimeegemezwa kwenye jiko la mkaa. Baba alisimama nje akitazama kizuizi. Kilikuwa mti mmoja uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Sikuwahi kumwona mnyonge vile. Mama naye alimwona, kupitia mlangoni. Akamfungua mkubwa wa askari kipimo mkononi.

“Presha yako iko juu. Punguza chumvi, na uende hospitali bila kuchelewa. Na yule mwalimu pale nje, mtafutie njia aone chochote.”

Wakamchukua kwa pikipiki, Baba nyuma, amemkumbatia askari kiunoni, suruali imekunjwa hadi magotini. Walirudi baada ya muda wa saa nne. Baba alikuwa tope mpaka nyusi. Tukamzunguka: ameona tembo? Hapana. Nyati? Nyayo tu.

“Nimeona ndege,” akasema.

Alituambia kwamba kwenye ukingo wa kinamasi alisimama ndege wa kijivu, mrefu kumfikia kifuani, mdomo mpana kama kiatu cha askari. Hakuruka, hakulia, hakula. Alimtazama Baba kama mkaguzi wa shule anayesubiri maandalio ya somo. Baba naye akamtazama. Wakakaa hivyo karibu saa nzima, askari akasinzia kwenye pikipiki.

“Kisha akafanya nini?” Bibi akauliza.

“Akageuza kichwa kidogo.”

Bibi akanitazama, akamtazama mwanawe, akaenda kumletea maji ya kuoga. Baba alikaa kwenye ngazi, anatabasamu, tope likimkaukia usoni. Nikamuuliza kama amepiga picha. Akajipapasa mfukoni, akaitoa simu, akaishangaa kama si yake.

“Sikukumbuka kama ninayo,” akasema.