Swali la Tatu Lilikuwa Mimi

Admin, nifiche kweli kweli, ukimaliza kusoma utaelewa kwa nini. Nina miaka 31, nimeolewa, mtoto mmoja, naishi Ihumwa. Ni mhadhiri msaidizi wa sheria kwenye chuo kimoja huku Dodoma. Bosi wangu ni profesa wa sheria za kazi na faragha, na ndiye anayesimamia PhD yangu.

Nilipojifungua nilipata tatizo la kuvuja mkojo. Hata mume wangu ilinichukua muda kumwambia. Niliporudi kazini nilimwandikia Profesa barua ya siri, nikiomba nisipangiwe vipindi vya saa tatu mfululizo kwa sababu nalazimika kutoka kubadilisha pedi. Akaniita, akanisikiliza kwa upole, akasema barua anaifungia kabatini. Nilimshukuru mpaka nikalia.

Wiki iliyopita nilisimamia mtihani wake. Nikiwa bado nagawa karatasi nikasikia vicheko vya chini chini, nikasoma swali la tatu. Bi. Z, mhadhiri msaidizi mwenye mtoto mchanga, anavuja mkojo. Saa tatu zimo, pedi zimo, hata ile sentensi yangu kwamba naona aibu kukalia viti vya wenzangu imo vilevile. Bosi wake ameitangaza siri hiyo, jadili haki zake. Nilisimama mbele ya ukumbi mzima nimebana miguu.

Nilimfuata ofisini. Nikamwamkia, maana ndivyo nilivyolelewa, kisha nikamuuliza. Hakushtuka. Alikuwa anakula zabibu, akaendelea kula.

"Jina si nimebadilisha, binti yangu? Mfano hai kama huu haupatikani kirahisi. Umeisaidia taaluma."

Nilimwona mchafu. Huyu ndiye anayeitwa kwenye semina kuwafundisha maofisa utumishi kutunza siri za watumishi!

Sasa karatasi ziko mezani kwangu, nimepangiwa kusahihisha mimi. Kijana mmoja kaandika Bi. Z avae pampasi aache kudeka. Ila mwongozo wa majibu, kwa mwandiko wa Profesa mwenyewe, unasema bosi amevunja sheria na Bi. Z anastahili fidia. Maksi kumi.

Nikimshtaki, lazima niseme Bi. Z ni mimi, na chuo kizima kitajua, pia PhD yangu iko mikononi mwake. Nikinyamaza, kesho atatumia barua ya mwingine. Jibu sahihi ninalo, ila langu halipokelewi bila jina. Ndugu zangu, niliandike jina, au niendelee kusahihisha?