Machicha Ndani ya Tangi la Samaki

Nyumba yetu ya Msambweni ilinukia nazi tangu alfajiri, maana mama alikuwa akipika mahamri na mbaazi za kuuza. Mwaka ule harufu hiyo ilichanganyika na ya maji ya samaki. Hoteli ya Galu alikofanya kazi baba ilikuwa imefungwa, na wafanyakazi wakagawana vitu vilivyobaki. Wenzake walibeba magodoro na viti. Yeye akarudi na tangi la kioo, pampu yake, na samaki watatu wa rangi ya chungwa. Mama aliwatazama akauliza kama huliwa. Haikuchukua muda baba akapata kazi Uarabuni, akatuachia wasia mmoja tu: akirudi awakute hai.

Tuliishi na bibi, mamake baba, na kwa bibi maji safi yalikuwa maji yaliyotuama. Ya kisimani aliyatia mtungini, akayaacha taka zishuke, ndipo tukateka kwa kata taratibu tusije tukayatibua. Sasa pampu ikavuruga maji mchana kutwa mbele ya macho yake. “Maji hayo mwayakoroga tangu asubuhi, yatatakata saa ngapi?” aliuliza. Kila alipopita aliizima, nami nikipita naiwasha. Mwishowe aliiacha iwake, lakini akatumbukiza katikati ya tangi kipande cha tofali la matumbawe kilichobaki tulipojenga choo, ili nyuma yake maji yapate pa kutulia. “Maji ya kifuu, bahari ya chungu,” alisema. “Hata baharini kuna pa kupumzika.”

Baba alipiga simu kila Ijumaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na swali lake la kwanza likawa, “Samaki hawajambo?” Lilinikera sana. Mimi nilikuwa nimeng'oka jino, nimeanguka mtihani wa hesabu, na hayo hakuyauliza. Niliwaonea wivu samaki, lakini bado niliwalisha kwa uangalifu, kwa kuwa niliamini wakifa hatakuwa na sababu ya kurudi. Kisha mmoja akafa kweli. Wa pili akawa anakaa juu ya maji, mdomo wazi, akihema. Ijumaa hiyo simu ilipolia niliogopa kuipokea, mama akaipokea na kusema yaliyokuwepo. Baba aliuliza kama pampu yawaka, mama akamwambia yawaka. “Tazameni kama maji yazunguka,” akasema. “Pampu kuwaka si maji kuzunguka.”

Tungetazamaje, na maji hayana rangi? Mama alichota machicha ya nazi yaliyokwisha kukamuliwa tui, akayasuuza, akayafikicha na kuyanyunyiza mbele ya mdomo wa pampu. Chembe nyeupe zilikwenda mbio, zikafika kwenye tofali, zikageuka na kurudi zilikotoka. Chache zilizopita juu yake zilishuka polepole upande wa nyuma, zikalala juu ya uchafu mweusi, wala hazikutikisika tena. Bibi alisogeza uso hadi kwenye kioo, akautazama ule uchafu wa samaki. Kisha akakunja mkono wa kanzu yake, akalitoa tofali mwenyewe, akalinusa. “Mtungi wangu hauna anayekunya ndani yake,” alisema, akaenda kulitupa. Tulinyunyiza tena, na safari hii chembe zilifika pembe zote. Mama akazichota kwa chujio zisije zikaoza. Kufikia kesho yake yule samaki alikuwa ameacha kuhema.

Baba aliporudi aliwakuta wawili hai, akachuchumaa mbele ya tangi kabla hajavua viatu. Bibi sasa ni marehemu na mtungi wake umepandwa mrehani. Tangi ni jipya, pampu yake haisikiki, lakini baba bado humwomba mama machicha. Aliye mbali siku hizi ni mimi, Nairobi, na nimegundua jambo ambalo utotoni nisingalilielewa: kuna siku mtu hawezi kuuliza habari za anaowapenda, anaogopa jibu, au anaogopa sauti yake mwenyewe. Basi nikipiga simu naanza, “Samaki hawajambo?”

“Hawajambo, maji yazunguka,” baba hujibu. Halafu huuliza, “Na wewe je, mwanangu? Usiniambie salama tu.”