Kozi Mbili za Kumtafuta Baba wa Mama

Mama yangu alizaliwa Tabora. Mama yake alikuwa Mnyamwezi, na baba yake Mzungu aliyefanya kazi reli, tuliyemdhani Mwingereza. Macho yake yalikuwa ya kijivu, na huku Ibra, Oman, tulikohamia miaka ya sabini, wanawake wasiotujua walimdhania ni mtu wa Sham, kule Syria. Hakuwasahihisha. Alilelewa na mume wa pili wa bibi yangu, mfanyabiashara wa Kiomani, na huyo ndiye aliyemwita baba. Ndiye aliyemsomesha Kurani, ndiye aliyemwoza, na alipofariki mama alikaa miezi hataki chakula.

Lakini yule mwingine hakumtoka moyoni. Alichokijua mama ni kwamba mtu huyo aliondoka Tabora yeye akiwa mdogo hajui hata kusema vizuri, na hakurudi. Siku moja, tunachambua tende, akaniuliza kama mimi mwalimu wa Kiingereza siwezi kujua aliishia wapi.

"Sitaki kitu kwake," alisema. "Nataka kujua tu kama aliwahi kuniulizia."

Mwishoni mwa miaka ya tisini nikasikia kuwa Nizwa kuna bibi wa Kiingereza, mstaafu, aliyekuja kukaa na binti yake aliyekuwa akifundisha chuo. Wakati wa baridi alikuwa akitoa kozi ya wiki moja, kutwa nzima, ya kutafuta nasaba za Waingereza. Nikaomba likizo. Nikapita njia ya Sinaw na gari yangu, nikapanga chumba Nizwa.

Tulisomea sebuleni kwake. Wenzangu walikuwa wauguzi na walimu wa kigeni, kila mmoja akimtafuta babu wa babu yake, mkulima au mchimba makaa aliyekufa zamani sana. Walicheka walipogundua mtu alioa mara mbili au alifungwa kwa kuiba kondoo. Mimi nilikuwa Muomani peke yangu, na niliyemtafuta alikuwa na mtoto aliye hai, anayenisubiri Ibra. Nilijifunza namna ya kusoma vyeti vya ndoa na orodha za abiria wa meli, na jinsi jina moja linavyoandikwa kwa sura tano. Jina la babu nililijua kwa matamshi ya bibi tu. Siku ya mwisho mwalimu alilitamka taratibu, mara kadhaa, akasema, "Huyu si wa Uingereza. Huyu ni wa Ireland, na huko utafutaji wake ni mwingine."

Baridi iliyofuata nikarudi kwa kozi ya pili, ya Ireland. Alituambia makaratasi mengi ya huko yaliungua moto, kwa hiyo mtu hutafutwa kwa parokia yake, alipobatizwa. Tulipata parokia tatu zenye jina lile. Mwalimu akanisaidia kuwaandikia mapadri. Baada ya wiki kadhaa wawili walijibu kwamba hawamjui. Wa tatu akampigia simu mwalimu mwenyewe: mtu huyo alifanya kazi Afrika, akarudi, akaoa, akaishi mpaka uzeeni. Walimzika miaka michache tu iliyopita. Binti yake yupo, na yuko tayari kuzungumza.

Nilirudi Nizwa nikampigia huyo binti sebuleni pale pale, mwalimu amekaa kando yangu. Nilimwambia mimi ni nani.

"Haiwezekani," alisema. "Dada yangu wa Afrika alikufa mtoto."

Akanieleza. Baba yake alipohamishwa kutoka Tabora alikusudia kumpeleka mtoto shule ya masista. Akarudi kumchukua. Aliposhuka stesheni alikutana na mume mpya wa mama wa mtoto, akaambiwa mtoto amekufa kwa surua. Akapanda treni iliyokuwa ikirudi. Miaka mingi baadaye, alipozaliwa huyu binti, alimpa jina alilokuwa amempa yule wa kwanza.

"Maisha yangu yote nimeitwa jina la marehemu," alisema.

Nilirudi Ibra bila hata kuwasha redio. Mama alikuwa amenipikia. Nilikula kwanza, kwa sababu nisingekula angejua kuna jambo, halafu nikamweleza yote. Nilipofika kwa mtu aliyempokea babu stesheni, nilitamani kusema simjui ni nani. Sikuweza. Mama alikuwa ameshajua.

Alikunja na kukunjua ncha ya leso yake.

"Baba aliogopa watanichukua," alisema. "Alinipenda."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu mwingine, alipoambiwa nimekufa, hakuomba kuonyeshwa kaburi?"

Nilimwambia binti yake hakulitaja kaburi.

"Kutoka stesheni mpaka kwetu ni karibu, mwanangu. Treni ikipiga honi tuliisikia. Nilikuwa nyumbani."

Hapo ndipo alipolia, na sikujua analia kwa ajili ya baba yupi. Sidhani kama yeye mwenyewe alijua.

Baada ya wiki chache alikubali kuzungumza na mdogo wake. Mimi nilikuwa mkalimani. Yule wa kule alilia, akasema ataona haya sasa kila akiitwa, maana jina si lake.

"Mwambie nimempa," alisema mama. "Mimi sikulitumia hata siku moja." Kisha akanirudishia simu, akaenda kutia udhu.

Mwalimu alinialika kozi ya tatu. Sikwenda.

Picha ya babu aliyemlea mama, amevaa kilemba na jambia la khanjar kiunoni, ilikuwa ukutani sebuleni kwetu. Asubuhi moja mama aliniambia niipeleke mji wa Sur, anakoishi kaka yangu. Hakusema sababu. Niliifunga kwa shuka, nikaiweka kiti cha nyuma. Kaka yangu ndiye aliyerithi jina la babu yule, na anampenda mpaka leo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kwa nini mama ameitoa.

"Tunapaka rangi," nilimwambia.

Mama alifariki baada ya baridi mbili. Kaka yangu hajaambiwa kitu, na picha bado iko kwake.